Mawe Aliyoyatua Barafu

Hapo kale bonde hili lilikuwa wazi kutoka kileleni hadi kwenye mashamba ya magimbi. Hapakuwa na tuta la mawe wala ziwa. Barafu aliishi juu na mkewe Mbambu, binti wa bondeni, ambaye alipanda na kushuka kama mtu atokaye jikoni kwenda uani.

Desturi moja tu ilimbana Barafu. Mkwe wa kiume hakutani uso kwa uso na mama mkwe wake. Akimsikia njiani, hutua mzigo wake palepale, hugeuza uso na kurudi alikotoka. Mzigo uliotuliwa hivyo haunyanyuliwi tena.

Mwaka mmoja mama yake Mbambu alivunjika mguu. Mbambu akashuka kumuuguza. "Akianza kutembea tu, narudi," alisema. Barafu akaitikia kwa kichwa. Baridi ilikuwa kali, naye alitulia, ameng'ang'ania mwamba, theluji ikimnenepesha. Lakini kila jioni aliutazama moshi wa jiko la mkwewe, na kila jioni aliuona mzito kuliko wa jana.

Kisha hewa ikabadilika. Joto lilipanda mlimani, likafuatana na mvua ya vuguvugu iitwayo Manyunyu, mmbeya asiyebisha hodi. Alipenya katika nyufa za Barafu hadi chini ya tumbo lake.

"Shemeji, bado umelala?"

"Sijalala."

"Mkeo anaanika mikeka na Jua. Juzi nimemkuta amemwinulia uso, kafumba macho, anatabasamu."

"Anamuuguza mama yake."

"Haya. Mguu gani huo usiopona, shemeji?"

Maneno yale yalimlowesha Barafu kwa chini, na kila tone lilimbandua kidogo kutoka kwenye mwamba. Alijaribu kuukumbuka uso wa mkewe. Kila mara aliuona umemwelekea Jua. Asubuhi moja akaachia. Yeye ambaye mwendo wake haukuwahi kuonekana alishuka mbio, akipasuka kwa vishindo, akizoa majabali, akilikwangua bonde.

Mbambu alikuwa njiani tayari, mzigo kichwani, mama yake akimsindikiza kwa miguu yake mwenyewe.

"Nani huyo na makelele yote hayo?" mama akauliza.

Barafu aliisikia sauti ile. Akatua mawe yote aliyoyabeba, akageuza uso.

"Mume wangu, nilikuwa nakuja!" Mbambu aliita kutoka ng'ambo ya mawe. "Yaondoe nipite."

"Siwezi," Barafu alisema. "Nimeyatua mbele ya mama."

Alirudi juu akiyeyuka njia nzima, na maji yake yakajaa nyuma ya tuta.

Na tangu siku hiyo Barafu hukaa kimya miaka mingi, kisha hewa ikipata joto na Manyunyu akapenya, hushuka tena mbio. Ila amekonda. Kila safari hukomea juu zaidi na kutua mawe machache zaidi. Ndiyo maana matuta mnayoyapanda mkienda kutafuta kuni yamefuatana hivyo, kubwa likiwa hapa chini, karibu na mashamba. Na lile ziwa lililo nyuma yake, Jua hulimulika kutwa nzima, wala maji yake hayakubali kupata joto.