Wimbo Alioukataa Mloka

Nimeisoma hii asubuhi, nikaona nisikae nayo peke yangu. Isome, kisha mpe na mwenzako.

Mjini Morogoro walikuwapo waimbaji wawili wa rege, Kunambi na Mloka. Walianza pamoja katika bendi moja. Mwenye sauti nzuri alikuwa Mloka. Kunambi sauti yake ilikwaruza, lakini alitunga nyimbo zilizowagusa vibarua na wauza mboga, na watu wakampenda yeye.

Jambo hilo lilimchoma Mloka miaka ishirini. Redio ikipiga wimbo wa Kunambi, aliizima. Mkewe akiuimba jikoni, alitoka nje.

"Yule haimbi," aliwaambia watu. "Anakoroma."

Kisha Kunambi akaugua koo, sauti ikapotea kabisa. Akaenda kwa Mloka na bahasha, akamwandikia kwenye karatasi: "Kaka, humu mna wimbo. Naomba uuimbe wewe."

Mloka alijisikia furaha kumwona mwenzake hana sauti. Aliionea haya furaha ile, lakini haikumtoka.

"Miaka yote umeimba mwenyewe," alimjibu. "Leo mimi niwe mdomo wako? Tafuta mwingine."

Kunambi akachukua bahasha yake, akampa mkono, akaondoka. Wimbo akampa mwalimu wa shule ya jirani, naye akawafundisha wanafunzi. Miezi michache baadaye Kunambi akafariki. Mwaka haukuisha, wimbo ule ukawa unaimbwa harusini, misibani na hata nchi za jirani.

Siku ya kumbukumbu yake, Mloka alikwenda kumpa pole mjane, Bi Semeni. Wivu ukamponyoka mdomoni.

"Shemeji, mumeo hata kaburini anatushinda."

Bi Semeni akamtazama. "Kwani ile bahasha hukuifungua?"

"Sikuifungua."

"Wimbo ule aliutunga kabla hajaugua, kwa ajili ya sauti yako. Alisema kuna mahali unapanda juu sana, yeye asingepafikia. Jina la mwimbaji aliandika lako. Watoto wa shule ilibidi waushushe."

Mloka alirudi nyumbani, akaujaribu. Pale juu alipafikia bila shida. Mkewe alisimama mlangoni akasikiliza mpaka mwisho.

"Umeimba vizuri, baba," alisema. "Ila sisi tumeshauzoea wa watoto."

Funzo: Mwenye wivu huutazama mkono unaotoa, asione kilichomo; akija kukiona, kimeshapata mwenyewe.