Mzee Aliyeomba Mahakama Imtamkie Njia

Wewe uliyebinua mdomo hapo karibu na dirisha, urudishe mahali pake. Sijaanza, wewe umeshakataa. Najua unachosema moyoni: bibi huyu aliishia darasa la nne, mambo ya mahakama kayajulia wapi? Tena nani mwenye akili zake atakwenda kumshtaki mtu ambaye hajamnyima kitu? Kaa usikie. Wapo. Wengine wamo humu humu kanisani, na wamevaa vizuri.

Kulikuwa na mzee mmoja. Kihamba chake, nyumba na migomba aliyorithi kwa baba yake, kilikuwa upande wa juu, na majani ya ng'ombe wake yalikuwa chini kabisa, kando ya mfereji. Katikati hapo palikuwa na kihamba cha mama mmoja mjane. Ili mzee afikie majani yake, ilibidi akatize kwenye migomba ya yule mama. Alikatiza tangu mume wa mama yu hai, na baba yake alikatiza kabla yake. Hakuna aliyewahi kumuuliza unakwenda wapi.

Mlangoni kwa mama palikuwa na jiwe kubwa. Mzee akipanda na mzigo kichwani, anautua pale juu ya jiwe. Mama anatoka na chai. Ndizi zikiwa zimeiva, anamkatia. Wanawasema kidogo watu wa kwaya, wanacheka, kisha mama anashika upande mmoja wa mzigo, anamtwika, mzee anakwenda zake. Ninyi mnaokata majani mnanielewa. Mzigo wa majani mabichi mzee anaweza kuutua mwenyewe. Kujitwika mwenyewe, aa, hapo labda awe na shingo ya fahali.

Siku moja mke wake akamwambia, "Baba, yule mama akifa, wanawe wakirudi na matofali yao kujenga, utapita wapi? Utaruka?"

Swali lenyewe ni zuri. Simlaumu mke. Ningekuwa mimi ningeliuliza mapema zaidi. Lakini je, mzee alikwenda kwa jirani yake akamwambia, mama, tuandikiane mambo haya tungali hai? Hakwenda. Alipita mlangoni pale pale, akanywa chai yake, akala ndizi yake, akatwikwa, halafu akapanda gari kwenda mjini kufungua shauri.

Hakimu akamuuliza mama, "Wewe unamzuia huyu mzee asipite?"

"Nimzuie? Jana nimemtwika."

Hakimu akamgeukia mzee. "Sasa umekuja kutafuta nini?"

"Mheshimiwa, sitaki fidia, wala sitaki afungwe. Naomba mahakama itamke tu. Itamke kwamba nikipita pale napita kwa haki yangu, si kwa hisani yake."

Mmesikia? Si kwa hisani yake. Na chai ilikuwa bado iko tumboni.

Hakimu akaenda akaiona njia, akasikiliza majirani, akatamka. Alitamka vizuri, sina ugomvi naye. Akasema mdai anayo haki ya kupita katika njia ile, kwa miguu, na mzigo wake, yeye na wanawe baada yake. Asikae humo, asichume kitu, asiharibu kitu. Kila kilicho nje ya njia ni cha mama.

Mzee akatoka pale kifua mbele. Mama akasema, "Nimesikia, mheshimiwa. Nitafuata kama ulivyosema." Akarudi nyumbani, akachukua jembe, akapanda masale pande zote mbili za ile njia, toka juu mpaka kwenye mfereji. Sale si mnalijua? Lile jani refu tunalopanda mpakani, kumwambia mtu hapa ndipo pako, pale ndipo pangu. Yalishika, yakanenepa, yakawa ukuta.

Mzee sasa anapita katikati ya kuta mbili kama ng'ombe anayepelekwa kwenye josho. Jiwe liko upande wa pili. Chai iko upande wa pili. Mama akimsikia anahema, anamwitia huko huko jikoni kwake:

"Pita, jirani! Ni haki yako!"

"Mama, ningepumzika kidogo..."

"Imesemwa usikae."

Jamani, yule mama hakumwonea. Je, alimnyima alichoomba? Hata unywele mmoja. Alimpa tamko lake lote, zima, bila kulipunguza. Mzee alikuwa na kila alichokwenda kukitafuta mjini. Alichokikosa ni vile vingine, ambavyo hakuna hakimu aliyewahi kuviandika, na ndivyo vilivyokuwa vikimfikisha nyumbani.

Siku moja mvua ilinyesha, njia ikateleza, mzee akaenda chini na mzigo wake. Hakuumia. Lakini mzigo uko chini na wa kumtwika hayupo. Akaunyanyua mpaka magotini, ukarudi. Akaunyanyua tena, ukarudi. Akakaa juu yake, huku akijua kwamba hata kukaa kwenyewe ni kosa. Akayatazama yale masale.

Na ninyi mnajua sale lina kazi nyingine. Mtu akimkosea mwenzake, huchukua jani la sale, hulifunga fundo, humpelekea. Ukiletewa sale hukatai, hata kama moyo unawaka. Mzee akanyoosha mkono, akachuma jani moja, akalifunga, akapenya katikati ya masale, akatoka ndani ya haki yake, akaenda kubisha hodi.

Mama akafungua. Akalitazama jani, akamtazama mzee.

"Hili umelichuma wapi?"

"Hapo njiani."

"Hapo kwangu."

"Ndiyo, mama. Hapo kwako."

"Na mahakama ilisema usichume."

"Ilisema."

"Kwani kwako hakuna masale?"

Mzee akainamisha kichwa. "Yalikuwepo. Niliyang'oa nikapanda majani ya ng'ombe. Niliona mimi sina wa kumwomba radhi."

Yule mama alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. "Mzee wewe! Hata jani la kuniombea radhi umeniibia!" Akalipokea. Akasema, "Hukumu yako ibaki, ni njema, wanangu wasije wakawasumbua wanao. Iweke, ni ya watoto. Sisi wawili tuna chai. Kaa kwanza hapo kwenye jiwe unywe, kisha twende kwenye mzigo wako tushike pamoja."

Sasa msije mkatoka hapa mkasema bibi kakataza mahakama. Ninyi wajane mnaonyang'anywa vihamba na mashemeji, nendeni kesho, mimi nitawasindikiza na kiti changu cha kungojea. Tamko ni kitu kizuri. Nasema habari nyingine.

Sisi tukipiga magoti tunafanya nini? Tunafungua shauri. Ee Mungu, mimi nasali, natoa sadaka, sijaiba, itamke haki yangu mbele ya hawa. Haya, akitamka je? Tutapata njia nyembamba ya kupitia hapa duniani, tusikae, tusichume, na kila kilicho kando ya njia ni chake. Asubuhi hii uliamka ukaweza kusimama, nani alikutwika? Uliandika wapi kwamba ni haki yako? Unakunywa chai ya mwenye shamba kila siku, halafu unamburuta mbele ya watu aseme kwamba hukunywa kwa hisani.

Na wewe unayejisifu kwamba umetubu, kwamba umeleta toba yako mwenyewe, nzuri, imefungwa fundo. Umeichuma kwenye ua wa nani? Kwako uliyang'oa yote. Hata hilo jani ni lake. Na anacheka, na analipokea. Mimi ninalala vizuri kwa sababu hiyo, si kwa sababu nyingine.

Nimemaliza. Masale yamezunguka ua wa kanisa hili, mchungaji hatawauliza. Mimi natoka, na mlango huu naufunga nyuma yangu. Nitakaa nje pale kwenye ngazi nione nani ataufungua wa kwanza na kwenda kuchuma.