Mtani Aliyelala Kaburini

Hadithi iko mlangoni.

— Ifungulieni.

Imetoka mbali, ina vumbi.

— Ipeni mkeka ikae.

Basi ikakaa, na mimi ndiye niliyekaa nayo karibu, kwa hiyo msidanganywe na wanaoisimulia kwa kubahatisha.

Hapo kale palikuwa na mji mdogo wa wanyama, mdogo hata ukipiga chafya huku, wa kule anakuombea afya. Kila asubuhi ukungu uliushukia mji ule, mweupe kama tui, na ndani ya ukungu huo watoto wawili, Pimbi na Paa, walikuwa wakicheza kupoteana. Paa anakimbia, tapu-tapu-tapu, anapotea. Pimbi anaita, kuu? Paa anaitika, koo. Pimbi anaifuata sauti mpaka pua zao zinagongana. Hivyo jana, hivyo juzi, hivyo siku zote, na Pimbi alidhani ndivyo dunia ilivyotengenezwa.

Halafu homa ikamshika Paa. Siku ya kwanza Pimbi akaenda na matunda, akaambiwa amelala. Siku ya pili akaenda, akaambiwa amelala. Siku ya tatu hakuambiwa kitu. Mama Paa alimtazama tu, akayapokea matunda.

Kaburi likachimbwa. Wanyama wote wakaja. Fisi naye akaja, anameza mate, glu, glu. Ukoo wa Fisi na ukoo wa Paa walikuwa watani tangu mababu, na mtani msibani hakasirikiwi. Atamkejeli marehemu, ataiba kitoweo cha wafiwa, na akitaka ataingia kaburini alale mpaka apewe kitu ndipo atoke. Kumtoa kwa nguvu ni mwiko. Kwa hiyo Fisi alipojitupa kaburini, pu, watu wakacheka kidogo katikati ya machozi, kama ilivyo desturi.

Wakamletea mkungu wa ndizi. Fisi akala, gwa-gwa-gwa, asitoke. Wakamletea sufuria ya uji. Akanywa, fyooo, asitoke. Wakamletea kitoweo chote cha msiba. Akala, asitoke. Mama Paa akauliza, basi mtani anataka nini.

"Nipeni huyo mliyemviringisha mkekani," akasema Fisi. "Mtamfukia bure, na mimi nina njaa."

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyethubutu kusogea pia. Wazee wakatazama kwato zao.

Pimbi alikuwa nyuma kabisa, maana watoto hawasogelei kaburi. Akapita katikati ya miguu ya wakubwa, akasimama ukingoni.

"Mzee Fisi," akasema, "mimi sina ugomvi na utani. Ila huko nyuma wanasema wewe ni mtani wa uongo. Mtani wa kweli humwigiza marehemu. Wewe unakula tu."

Fisi akaudhika. Akasema hafundishwi utani na mtoto wa juzi, na kwa kuigiza hana mwenzake miji saba. Pimbi akamwambia basi aigize mwendo wa Paa. Fisi akakanyaga humo humo shimoni, tapu-tapu-tapu. Akaambiwa aigize sauti yake. Akaita koo, kwa sauti nzito kama ya mtungi, na Pimbi akahisi moyo unamchomoka, lakini akasifu.

"Sasa mwigize alivyo leo. Hapo ndipo watani wengi hushindwa."

Fisi akalala chali, akafumba macho, akanyooka. Pimbi akamfunika mkeka mwingine, kisha akamwonyesha Mama Paa kwa kidevu kilima cha mawe kilichokuwa nyuma ya mji. Mama Paa akaelewa. Wakambeba Paa, wakanyata, nyatu-nyatu-nyatu, ukungu ukawameza mmoja mmoja.

Pimbi hakwenda. Nani angebaki kumsifu Fisi?

"Vizuri, mzee. Hata ukucha hautikisiki."

Kutoka kilimani ikaja sauti ya udongo. Pu. Pu. Pu.

"Nini hicho?" akauliza Fisi chini ya mkeka.

"Wanatwanga. Ila wewe umekufa, mzee, husikii."

Fisi akajinyoosha tena. Pimbi akasikiliza mpaka pu ya mwisho, kisha mawe yakipangwa juu, ko, ko, ko, mawe makubwa ambayo kucha za fisi haziyawezi. Ndipo akaufunua mkeka. Fisi akafumbua macho, akaona ukungu na mtoto mmoja.

"Watu wako wapi?"

"Wameshazika."

Fisi akatoa meno yote.

"Ukikasirika, mtani, utani umekwisha," akasema Pimbi, "na msiba ujao hutapewa hata uji."

Fisi ikambidi acheke, hii-hii-hii, akaenda zake akicheka, na mpaka leo hajaweza kuacha.

Pimbi akabaki peke yake, miguu ikining'inia shimoni. Waliporudi, wazee walimpisha, na wa kwanza kumwamkia alikuwa mkubwa wao. Mama Paa akaketi kando yake, akamsimulia polepole udongo ulivyokuwa laini, na mtoto alivyolazwa.

Hadithi imefika kwao. Aliyeielewa akalale, asiyeielewa akalale pia.

Na funzo lake, maana ngano bila funzo ni porojo: mtoto mwenye adabu hakosi maziko ya rafiki yake. Pimbi aliyakosa. Msiwe kama Pimbi.