Mshono Ndani ya Mto

Wapendwa, kulikuwa na mama mmoja, fundi wa kudarizi foronya. Mtaa mzima uliijua kazi yake, kwa sababu alikuwa wa mashoto: mishono yake yote ililalia upande mmoja, na kila baada ya hatua chache alipiga fundo dogo. Hakuna aliyeweza kuiga.

Fundi huyu alilaza watu wengi pazuri, lakini yeye mwenyewe hakulala. Alihama nyumba ya kwanza akisema majirani wana husuda. Akahama ya pili, akamlaumu mwenye nyumba. Kila alipohama alibeba mto wake wa sufi, wa tangu usichana, kwa sababu bila huo, alisema, shingo inauma.

Katika nyumba ya tatu, alipokuwa akiukung'uta mto juani, akagusa kitu kigumu ndani. Nani ameingia chumbani mwake? Akamkumbuka mdogo wake, aliyekuja kumuuguza juzi na kumtandikia kitanda.

Mngefanya nini ninyi? Mngenyamaza?

Yeye hakunyamaza. Jumamosi mchana akawaita wazee wa kanisa na majirani, akamwita na mdogo wake. Akasimama uani na wembe mkononi.

"Leo mchawi wangu ataonekana."

"Dada, mbele ya watu wote hawa?" mdogo wake akamwambia. "Kama nimekukosea, si ungeniita ndani?"

"Ndani ndiko ulikonimalizia!"

Akaupasua mto. Sufi ikaruka, ikawaingia watu puani, mzee mmoja akapiga chafya mbili. Katikati ya sufi kikadondoka kifurushi cha kitambaa cheusi, kimeshonwa pande zote. Wanawake wakashika vinywa.

"Mmeona? Mmeona wenyewe?" "Mtoto niliyembeba mgongoni!"

Mdogo wake alikiinua kile kifurushi, akakitazama karibu, akabadilika uso.

"Dada, mimi hata kifungo sijui kushona, na unanichekaga kwa hilo. Hebu tazama mshono."

Akatazama. Mishono ililalia upande mmoja, na kila baada ya hatua chache palikuwa na fundo dogo.



"Fungua, mama," mzee akasema.

Alikifumua. Ndani mlikuwa na kisuko kimoja cha nywele za msichana, na mwishoni mwake shanga ya buluu.

"Dada," mdogo wake akasema polepole, "hii shanga ni yangu."

Hapo ndipo yule mama alipojiona. Alijiona msichana, siku mdogo wake alipochumbiwa kabla yake. Aliona safari ya kwa mganga, mkasi, na sindano katika mkono wake wa kushoto, ikikifungia kifurushi ndani ya mto. Alikuwa amemfunga ndugu yake kwa uchawi, ndoa isikae. Ndoa ikakaa, naye akalipuuza jambo lile hadi likamtoka akilini. Lakini kila alipojilaza, alilaza kichwa juu yake.

Akapiga magoti kwenye sufi. "Nimeshona mimi. Mchawi ni mimi."

Mdogo wake alilia sana kabla ya kusema neno. "Na mimi kila siku nilikuwa namwomba Mungu akupe usingizi."

Siku ile yule mama alilala juu ya mkeka, bila mto, nyumba ileile, majirani walewale. Akaamka jua limeshapanda.

Msiniulize kama kifurushi kilikuwa na nguvu. Nywele na uzi vina nguvu gani? Kilichomnyima amani ni chuki aliyoishona mwenyewe, kisha akaenda kuitafuta kwa wengine. Na sisi je? Tumebadilisha mitaa, tumebadilisha makanisa, wengine tumebadilisha hata waume, na mto ni uleule. Tunamwomba Mungu atuonyeshe adui zetu. Nani kati yetu amewahi kumwomba amwonyeshe nafsi yake mwenyewe? Tunaogopa, na tuna haki ya kuogopa, maana wembe ukipita kitatoka kitu. Lakini siku ile aliyefunguliwa na kupata usingizi ni yeye.

Ndugu yangu, upasue mto wako leo. Na kabla hujamnyooshea mtu kidole, tazama mshono.