Daraja la Mdogo Mtu

Wahenga walisema nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Maana yake si ngumu: macho tumepewa ya kutazama mbele, na aibu zetu tumezibeba nyuma.

Katika mtaa mmoja wa kale, ukingoni mwa mto, aliishi mwanamke fundi wa milango ya nakshi. Mlango wake mwenyewe aliuchonga kwa miaka mitatu, na wapita njia walisimama kuustaajabia. Alikuwa fahari ya familia mpaka siku mdogo wake wa kike, mhandisi, alipopewa kazi ya kuchora daraja la waenda kwa miguu, la chuma na vioo. Mama yao, aliyeishi ng'ambo ya mto, akawa hana wimbo mwingine. "Mwanangu ananijengea daraja!" aliwaambia wageni. Fundi alilisikia hilo "mwanangu", akajua si yeye. Wivu ukamwingia.

Akazunguka nyumba hadi nyumba kukusanya saini za kulipinga daraja.

"Huu ni mtaa wa mawe na mbao," alisema. "Chuma hicho ni sawa na kumvika bibi kizee suruali ya jinzi!"

Watu walicheka, wakatia saini.

Mdogo mtu alimfuata karakanani. "Dada, mama anazungukia daraja la magari saa nzima ili afike kwako. Kama mchoro una kosa niambie, nitaurekebisha."

"Kosa lake ni kuharibu sura ya mtaa," fundi alijibu, patasi mkononi, bila kuinua macho.

Kamati ya mtaa ikakata shauri kwenda kuitazama sura hiyo kutoka mtoni. Wakapanda mashua, mwenyekiti akiwa na mchoro, dada hao wawili kila mmoja upande wake. Kuta za mawe zilipita moja baada ya nyingine, nzuri kwelikweli. Ghafla mwenyekiti akanyoosha kidole.

"Jamani! Lile banda la mabati ya buluu, lenye tangi jeusi na bomba linalomwaga maji machafu mtoni, ni la nani?"

Fundi ndiye aliyekuwa wa mwisho kulitambua. Lilikuwa nyuma ya nyumba yake. Mabati yale aliyapigilia mwenyewe miaka ishirini iliyopita, na hakuwahi kuyatazama kutoka majini.

Mwenyekiti aliufunua mchoro, akashangaa. "Mbona hapa umechora ukuta wa mawe mtupu?"

"Nilimsitiri dada yangu," mhandisi alisema kwa sauti ya chini. "Sikutaka aaibike mbele za watu."

Heri angetukanwa, maana tusi angelijibu. Wema ule ulimchoma fundi kuliko sifa zote za mama. Kamati ililipitisha daraja palepale mashuani, ikampa yeye mwezi mmoja abomoe mabati yake. Mtaa mzima alikuwa ameutangazia ubaya wa daraja ambalo bado halijajengwa. Ama kweli, nyani haoni kundule.