Mlango Uliorukwa katika Madrasa ya Ghanim

Wamesimulia waliokipokea kisa hiki kwa walioshuhudia, Mwenyezi Mungu awarehemu wote, kwamba katika mji mmoja wa bonde la Yemen alikuwako tajiri wa nili, ile rangi ya buluu ya kutilia nguo, jina lake Ghanim bin Salit. Alijenga madrasa ya mawe yenye vyumba sita, akaweka mikeka, wino na mafuta ya taa, akawapa walimu posho, na kila adhuhuri akawalisha wanafunzi mkate wa mtama na samli. Wengine wamesema wanafunzi walikuwa arobaini, wengine thelathini na saba. Tushike thelathini na saba, kwa kuwa watu wanapomsifu mwenye mali huzidisha.

Sifa zake hazikuwa za uongo mtupu. Kabla yake watoto wa maskini wa mji ule walikuwa hawajui hata herufi. Ghanim hakukosa sala ya jamaa, na alipokisikia Kitabu cha Mwenyezi Mungu kikisomwa alilia mpaka ndevu zikalowa. Hili lazima lisemwe kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa machozi yale ndiyo yaliyowafumba watu macho.

Ilikuwa desturi ya madrasa kwamba kabla ya mkate kugawiwa, wanafunzi wote husimama wakaelekea upande wa nyumba ya Ghanim, wakamwombea umri, afya na kuzidishiwa mali. Aliyechelewa kusimama alichelewa kula.

Mwalimu mkuu alikuwa Sheikh Wahban bin Rafii, mtu mpole na mwenye elimu pana. Siku alipokabidhiwa funguo, Ghanim alimshika mkono akamwambia, "Sheikh wangu, nina ombi dogo. Kile kitabu cha fiqhi mtakachosomesha, mlango wa thelathini na moja uacheni. Unagombanisha jamaa. Mambo yale waachieni makadhi."

Mlango wa thelathini na moja ni mlango wa mayatima na wasii, yaani mtu aliyeusiwa na marehemu aangalie mali ya mtoto mpaka akue. Sheikh alizipima funguo mkononi. Kitabu kina milango sitini na mitatu, akajiambia, na watoto hawa wana njaa. Akasema, "Inshallah."

Kwa miaka tisa Sheikh alipofika mahali pale alifunua kurasa tatu kwa pamoja. Kitabu kizima kilikuwa kimechakaa, pembe zimekuwa nyeusi kwa vidole, lakini kurasa zile tatu zilibaki nyeupe kama siku zilipoandikwa. Na kwa vile wanafunzi waliandika vitabu vyao kwa kusikiliza anachosoma mwalimu, vitabu vyote thelathini na saba vilitoka mlango wa thelathini vikaingia wa thelathini na mbili.

Miongoni mwa wanafunzi alikuwamo Rudayna binti Zuraa, msichana wa miaka kumi na tisa, aliyesoma nyuma ya pazia la sufi pamoja na wanawake wengine watano. Baba yake alikuwa ndugu wa Ghanim, naye alifariki Rudayna akiwa na miaka minne. Tangu hapo alilelewa na ami yake. Ami alimwambia kwamba baba yake hakuacha kitu ila msala na birika, na Rudayna aliamini. Adhuhuri alikuwa wa kwanza kusimama na wa mwisho kukaa.

Alijaaliwa nguvu ya kuhifadhi ambayo walimu waliistaajabia. Mwaka ule wanawake wa mji mmoja wa milimani, ambako hapakuwa na hata mwanamke mmoja wa kuwafundisha dini yao, walituma ujumbe kumtaka awe mwalimu wao. Walikuwa na sharti moja: aje na ijaza, yaani idhini ya mwalimu kwamba amekisoma kitabu mbele yake na sasa anaweza kukifundisha. Rudayna hakutaka kitu kingine duniani.

Siku tatu kabla ya kupewa ijaza alimwendea Sheikh baada ya darasa, akasema kutoka nyuma ya pazia, "Mwalimu, ijaza itasema nimesoma kitabu chote?"

"Itasema kama zinavyosema zote. Amenisomea kitabu hiki chote, mlango kwa mlango. Nawe mbele ya watu utajibu kuwa unashuhudia."

"Sikusoma chote. Mlango wa thelathini na moja sikuusoma, wala sijauona."

Bi Nuwayra, mpishi wa madrasa, alikuwa akipita na ungo wa mtama. Akacheka. "Mtoto huyu! Mtu kapewa milango sitini na miwili, yeye anaulizia mmoja. Kesho utanihesabia punje za unga."

"Mama Nuwayra, mimi siulizii. Naambiwa niushuhudie."

Sheikh akasema, "Mwanangu, hayo ni maneno ya desturi tu."

"Basi iandikwe: isipokuwa mlango mmoja."

"Na watu wakiuliza ni upi, na kwa nini?" Hapo Sheikh alikasirika, kama anavyokasirika mtu aliyeguswa pale anapoumwa. "Unataka watoto hawa warudi kulala na njaa kwa ajili ya kurasa tatu? Umesomeshwa, umelishwa, umevishwa. Nenda kajiandae."

Rudayna alikwenda. Hakumshitaki Sheikh kwa mtu, wala hakunung'unika kwa wenzake. Siku zote tatu alifunga, akimwomba Mola wake amwoneshe njia ya kupata ijaza bila kusema uongo, na njia hiyo hakuiona.

Siku ilipofika, wakubwa wa mji walikusanyika asubuhi, jua likiwa limepanda kadiri ya mikuki miwili. Kadhi alikuwapo, wafanyabiashara walikuwapo, na Ghanim alikaa mbele, kilemba chake kikinukia uvumba. Sheikh alisoma ijaza kwa sauti mpaka mwisho, kisha akasema, "Rudayna binti Zuraa, unashuhudia?"

Sheikh akaelekeza sikio penye pazia, akarudia:

"Unashuhudia?"

"Mwalimu wangu, Mwenyezi Mungu akulipe kheri. Sishuhudii."

Watu wakageuka. Ghanim akacheka, akawaambia waliomzunguka, "Mnaona? Ukiwasomesha sana hufika mahali wakakataa hata zawadi." Wakacheka naye, maana nusu yao walikuwa wakinunua kwake kwa bei ya upendeleo. Kisha akapaza sauti kuelekea pazia. "Binti yangu, usituaibishe mbele ya wageni. Ni mimi ami yako niliyekulea. Mkate uliokula miaka yote hii umetoka mkononi mwangu."

"Ami, nakushukuru kila siku, na leo pia. Lakini hapa sikuulizwa shukrani. Nimeulizwa ushahidi." Akalisogelea pazia. "Mlango wa thelathini na moja sikuusoma. Naambiwa ni kurasa tatu tu. Mwalimu anipe kitabu niusome sasa hivi mbele yake. Nikimaliza nitashuhudia, na wageni hawatachelewa chakula."

Hakukusudia zaidi ya hilo. Wapokezi wote wamekubaliana katika jambo hili: msichana hakujua kilichomo. Alitaka kumaliza kitabu chake.

Ghanim aliinuka nusu. "Si leo! Sheikh, piga muhuri wako tuondoke."

Sheikh Wahban alimtazama Ghanim, kisha akakitazama kitabu kilichokuwa mapajani mwake. Wanasema uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeamshwa kwa kupigwa kofi. Akakifungua kitabu kwenye zile kurasa nyeupe, akakipitisha chini ya pazia, akasema, "Soma, mwanangu."

Akasoma. Alisoma bila haraka, kila herufi ikipata haki yake. Akasoma kwamba wasii ni mwenye amana wala si mwenye mali. Akasoma kwamba yatima akibaleghe na akawa na busara ya kutunza chake, ni wajibu akabidhiwe mbele ya mashahidi, awe mwanamume au mwanamke. Akasoma kwamba wasii anayekula mali ya yatima kwa dhuluma anajaza moto tumboni mwake. Kisha akafika kwenye mfano aliouweka mwandishi wa kitabu: "Na yule anayemlisha yatima kutoka katika mali ya yatima mwenyewe, kisha akamwambia kuwa ni sadaka, huyo amemwibia mara mbili, mali yake na shukrani yake."

Hapo kikasikika kishindo. Bi Nuwayra alikuwa ameangusha sinia la mikate mlangoni.

"Shamba la mitende!" alipiga kelele. "Shamba la mitende la lango la kaskazini, na kisima chake! La Zuraa lile! Baba yako, mwanangu, alimuusia huyu hapa akushikie, na mimi nilikuwa chumbani nikimpepea marehemu!"

"Nyamaza, mpishi!" alisema Ghanim.

"Nimenyamaza miaka kumi na mitano! Nilikuwa na watoto wanne na wewe ndiye mwenye unga!" Akawageukia wakubwa wa mji. "Na nyinyi? Mnanitazama kama mgeni. Nani hapa aliyepita miaka arobaini asiyejua lile ni shamba la nani?"

Wakubwa wakainamia mikeka. Walijua. Mfanyabiashara wa chumvi alijua, imamu alijua, na kadhi, ambaye kazi yake ni kujua, alijua. Walipita kando ya mitende ile kila Ijumaa wakienda kumsifu aliyeinyang'anya. Katika mji mzima asiyejua alikuwa mmoja, naye ndiye mwenye shamba. Walimwacha asimame kila adhuhuri, tumbo tupu, amshukuru mwizi wake kwa tende zake mwenyewe zilizogeuzwa mkate, na wakaita jambo hilo ukarimu.

Ghanim alisimama. "Kwa hiyo haya ndiyo malipo yangu? Nani aliyejenga kuta hizi? Nikifunga mlango leo, nani atawalisha hawa? Wewe, Wahban, utawalisha kwa vilemba vyako viwili?"

Sheikh naye akasimama, na wanafunzi wake wanasema hawakuwahi kumsikia akipaza sauti kabla ya siku hiyo wala baada yake.

"Funga! Miaka tisa nimefunua kurasa tatu kwa pamoja. Nilijiambia ni kwa ajili ya njaa ya watoto. Nilikuwa bawabu wako, Ghanim! Umejenga madrasa ili pawe na mahali pamoja ambapo wizi wako hautatajwa, nami nikakulindia kwa elimu aliyonipa Mwenyezi Mungu. Chukua funguo zako. Jua ni la Mwenyezi Mungu, tutakaa juani." Akamgeukia kadhi. "Nawe, una la kuuliza, au tukuulizie?"

Kadhi, jasho likimtoka, akauliza lile alilopaswa kuuliza miaka mingi nyuma: je, Ghanim anao mashahidi kwamba alimkabidhi binti mali yake? Ghanim hakuwa nao. Akatoka bila kuaga.

 Mwanamke aliyekaa karibu na Rudayna amesimulia kwamba alikuwa ameshika ukurasa kwa mikono miwili na machozi yakimdondoka, naye akiukinga ukurasa kwa upindo wa shela usilowe. Zilikuwa zimebaki sehemu mbili za mlango. Alizisoma zote mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sasa nashuhudia."

Sheikh akapiga muhuri.

Haifai kuficha yaliyofuata. Ghanim alifunga madrasa siku ile ile. Wanafunzi walihamia ua wa mtengeneza ngozi, penye harufu isiyovumilika, na kumi na watatu kati yao waliacha masomo kwa sababu hapakuwa na mkate. Hukumu ya shamba ilichukua mwaka na miezi miwili. Lilipomrudia, Rudayna aliweka nusu ya mavuno kwa ajili ya wanafunzi, bila sharti la dua wala la mlango. Naye alikwisha kwenda milimani, akafundisha huko maisha yake yote. Walio wengi wa wale kumi na watatu hawakurudi tena.

Ghanim alipougua ugonjwa wake wa mwisho alimtuma mtu milimani kumwomba radhi. Rudayna akamwambia mjumbe:

"Mwambie ami yangu, mitende nimemsamehe, na maji ya kisima, na matunda yote ya miaka ile. Ama kusimama kwangu kumshukuru, kila siku, nikimpenda kwa hilo, hilo sijaweza kulisamehe. Namwomba Mwenyezi Mungu anipe uwezo kabla yeye hajafa. Mwambie naye aniombee."

Kama aliupata uwezo huo, wapokezi hawakusema, nasi hatuna ruhusa ya kusema wasiyoyasema.

Enyi wenye kuamini, wapo hadi leo wanaojenga shule na visima kwa walichowanyima wanaosoma na kunywa humo, na hesabu yao iko kwa Mola wao. Lakini mji ule ulikuwa na dhalimu mmoja, na waliomnyamazia walikuwa mji mzima, wakiwamo wenye elimu na wenye vilemba. Tusijipe haraka nafasi ya Rudayna tunaposoma kisa hiki. Wengi wetu tulikuwa upande wa pili wa pazia, tukisubiri chakula. Tunamwomba Mwenyezi Mungu asitufufue pamoja na walionyamaza.