Cheti Chini ya Kalenda

Wewe, siku ulipoitwa kwa cheo usichokisomea, ulikataa au uliitika?

Usimtazame jirani. Nakuuliza wewe.

Kulikuwa na tabibu msaidizi mmoja katika zahanati ya kijijini. Alitibu malaria, alishona majeraha, aliwajua watoto wote kwa majina. Watu walimpenda, wakamwita daktari. Naye akaitika, miaka kumi na minane.

Sheria ikabadilika. Kila mtoa tiba ajisajili upya, na cheti chenye daraja lake kwa herufi kubwa kibandikwe ukutani, wagonjwa wakione. Alijisajili bila shida, akakibandika. Kisha akatundika kalenda ya kanisa juu yake. Sheria, alijiambia, imesema kibandikwe, haikusema kisifunikwe.

Asubuhi moja akaja mama na bintiye mjamzito, miguu imevimba, kichwa kinamgonga. Tabibu akampima presha, akaipima tena. Akaandika rufaa ya hospitali ya wilaya.

"Ya nini?" Mama akaisukuma karatasi. "Tukapange foleni kwa vijana wasiotujua, na daktari wetu tunaye?"

"Huyu anahitaji daktari, mama. Leo hii."

"Si ndiye wewe? Au umetuchoka? Hebu tupe vidonge, baba, tukapike."

Binti alikuwa ameshainuka, anajifunga kanga.

Ndugu zangu, sisi tungefanyaje? Maana sisi hatusemi uongo, la hasha! Sisi tunaitika tu. Tukiitwa wacha Mungu, tunaitika. Tukiitwa watu wa maombi, tunaitika, na mara ya mwisho kupiga goti tulikuwa tunatafuta rimoti chini ya kochi. Na madaraja yetu halisi tumeyafunika kwa kalenda ya kanisa! Ubaya wake ni nini? Ni kwamba yupo mtu asiyekwenda kwa Tabibu wa kweli, kwa sababu ametuona sisi, akadhani tunatosha.

Sheria haikuweza kumtoa neno tabibu yule. Ile miguu iliyokuwa ikielekea mlangoni ndiyo iliyomtoa. Akawazibia njia, akacheka kidogo, kwa raha ya mtu aliyelegeza mkanda baada ya pilau.

"Mama, keti. Mimi si daktari, sijawahi kuwa. Ni tabibu msaidizi. Mliniita, nikanogewa, nikaitika."